Kutazama Ndege Katika Majaruba ya Ngazi ya Yuanyang, China: Mwongozo kwa Msafiri

Kusini mwa mkoa wa Yunnan, nchini China, milima ya Ailao inateremka hadi bonde la Honghe, yaani Mto Mwekundu, na katika miteremko hiyo watu wa kabila la Wahani wamekuwa wakilima mpunga kwenye majaruba ya ngazi kwa muda wa miaka ipatayo 1,300. Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye mpunga, jaruba ni kishamba kilichozungushiwa ukingo wa udongo ili kishike maji. Huko Yuanyang majaruba yamepangwa moja juu ya jingine kuanzia karibu na msitu hadi chini bondeni, na mengi ni membamba kiasi kwamba mtu akisimama katikati anaweza kutupa jembe lake likavuka ukingo. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza eneo la hekta 16,603, lenye vijiji 82, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi huja kupiga picha za mapambazuko, husimama kwa mstari kwenye majukwaa ya kutazamia, kisha huondoka ukungu ukiwa bado umetanda, na hivyo huwakosa ndege ambao ndio kwanza wanaanza kutua chini yao.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kubaki baada ya picha hizo. Nimeujenga juu ya jambo moja ambalo nililijifunza kwa kutembea huko: ndege wa majaruba hufuata maji, na maji ya Yuanyang hufuata kazi ya mkulima. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini, iwe ya kuchagua mwezi, kuchagua njia au kuchagua mahali pa kukaa, inaanza na swali la maji yako wapi na nani anayashughulikia leo.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi kwa kuangalia maji

Katika sehemu nyingi zinazolima mpunga, shamba hukaushwa kabla ya mavuno na kuachwa kavu hadi msimu mwingine. Wahani hawafanyi hivyo. Wakishavuna, kati ya Septemba na Oktoba, hugeuza mabua kwenye tope, hukarabati kingo, kisha hujaza maji na kuyaacha yakae hadi wakati wa kupandikiza miche, Aprili na Mei. Sababu yao ni ya kiufundi: udongo wa ukingo ukikauka hupasuka, na ukingo uliopasuka kwenye mteremko mkali huporomoka na kuondoka na majaruba yaliyo chini yake. Kwa ndege matokeo ni makubwa, kwa sababu miezi hiyo hiyo ya Novemba hadi Aprili ndiyo kiangazi cha Yunnan, na wakati ardhi nyingine imekauka, Yuanyang inakuwa na maelfu ya vidimbwi vya kina kifupi vyenye samaki wadogo, konokono na wadudu wa majini.

Ukienda Desemba hadi Februari utawakuta ndege wengi wanaohama kutoka kaskazini, lakini ujiandae kwa baridi na kwa ukungu ambao unaweza kukaa siku nzima. Mimi ningemshauri mtu anayekwenda mara ya kwanza achague Machi au siku za mwanzo za Aprili, kwa kuwa wageni wa kaskazini bado hawajaondoka wote, ndege wa hapo wameanza kuvaa rangi za uzazi, na wakulima wanarudi shambani kulima tope. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna mvua nyingi, na mpunga uliokwisha kukua huwaficha ndege wa majini, ingawa msituni nyimbo huwa bado ni nyingi. Epuka juma la Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na juma la kwanza la Oktoba, kwa kuwa nyumba za wageni hujaa na barabara ya mlimani hufungana kwa magari.

Hatua ya pili: Panga njia na karatasi zako

Msafiri mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya utalii, ambayo Wachina huiita aina ya L, na anapaswa kuishughulikia mapema akiwa na mpango wa safari ulioandikwa. Njia iliyozoeleka na watu wetu, hasa wafanyabiashara, ni ya kupitia Guangzhou, na kutoka hapo ndege ya ndani au treni ya mwendo kasi hukufikisha Kunming, mji mkuu wa Yunnan. Kutoka Kunming kuna mabasi yanayokwenda moja kwa moja hadi Yuanyang, safari ambayo huchukua sehemu kubwa ya mchana. Wengine hupanda treni hadi mji wa kale wa Jianshui, wakalala hapo, kisha wakamalizia kwa basi au gari la kukodi.

Kuna kosa moja ambalo wageni hulirudia. Jina Yuanyang lina miji miwili: Nansha, makao ya wilaya, ulio bondeni kwenye joto, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na Xinjie, mji wa zamani ulio juu mlimani kupita mita 1,500. Basi lililoandikwa Yuanyang linaweza kuishia Nansha, na mtu aliyeshuka hapo akidhani amefika atajikuta yuko mbali na majaruba ya urithi. Mwulize dereva kwa jina la Xinjie, au bora zaidi kwa jina la kijiji cha Duoyishu, kilicho kilomita takriban 25 mbele ya Xinjie, kwa sababu ukilala Duoyishu au katika vijiji vya jirani unatoka mlangoni na kuwa shambani kwa dakika chache.

Nyumba ya wageni itakuandikisha polisi yenyewe ukishatoa pasipoti. Ukilala kwa mtu binafsi, sheria inataka uandikishwe katika kituo cha polisi ndani ya saa 24, na jambo hilo mwenyeji wako anaweza asilijue, hivyo ulitaje wewe.

Hatua ya tatu: Fungasha vitu vichache vinavyofaa

Darubini yenye ukubwa wa 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha, na katika ukungu ni bora kuliko yenye kukuza zaidi, kwa kuwa inaingiza mwanga mwingi na haitikisiki sana mkononi. Teleskopu yenye miguu mitatu ina faida ukiwa juu ya jukwaa unatazama majaruba ya mbali, lakini kwenye ukingo wa udongo haina pa kusimama. Chukua gambuti zenye soli ya meno, koti la mvua, fulana nzito ya sufu na kitambaa cha kufutia lenzi, kwa sababu ukungu wa Yuanyang hulowesha kila kitu bila mvua kunyesha.

Programu ya kutambua ndege pamoja na orodha ya ndege wa China uipakue ukiwa nyumbani, kwani huduma za Google hazifunguki huko na mtandao wa mlimani hauaminiki. Malipo karibu yote hufanyika kwa simu kupitia Alipay au WeChat, na programu hizo sasa hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Hata hivyo beba noti ndogo za yuan kwa ajili ya bibi anayeuza mayai kando ya njia. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii kwenye soketi za China, kwa hiyo unahitaji adapta. Tena, tangu Juni 28, 2025, abiria wa ndege za ndani ya China hawaruhusiwi kupanda na pawabanki isiyokuwa na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, na ile uliyonunua Kariakoo au Nairobi inaweza kuishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Kama unatumia ramani, fahamu kwamba ramani za China hutengenezwa kwa mfumo wa kuratibu unaotofautiana na ule wa dunia nzima, na alama uliyoiweka kwa programu ya nje inaweza kuonekana mita mia kadhaa kutoka mahali halisi. Kwenye tambarare hilo ni usumbufu mdogo. Kwenye ngazi za majaruba, mita 300 ni bonde jingine, na ni kijiji kingine.

Hatua ya nne: Rekebisha saa ya kuamka

Watazamaji ndege wa kwetu tumezoea kwamba jua huchomoza karibu saa kumi na mbili au saa moja, na mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri anakuwa amewahi. China nzima hutumia saa moja tu, ya Beijing, ilhali Yunnan iko mbali upande wa magharibi. Matokeo yake ni kwamba mwezi Januari jua la Yuanyang huchomoza karibu saa mbili asubuhi kwa saa ya ukutani, na mwanga wa kutosha kwa darubini huanza kupatikana kama nusu saa kabla ya hapo. Lala. Kunywa chai. Toka saa moja na robo, na utawakuta kiluwiluwi, wale ndege wembamba wa mkia mrefu, wanaanza kulia juu ya mapaa.

Jioni pia husogea mbele, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili na nusu una muda mzuri sana, hasa upande wa Bada na Laohuzui, sehemu nyingine za majaruba hayo, ambako miteremko hupokea jua la magharibi na ndege hubaki wakila hadi mwisho. Ukungu wa asubuhi usikukatishe tamaa: mara nyingi hufunguka kwa dakika kumi, hufunga tena, na katika zile dakika kumi ndege walio karibu huonekana kama umewachora, kwa kuwa nyuma yao hakuna kitu kingine cha kuvuta macho.

Hatua ya tano: Anzia msituni na ushuke pamoja na maji

Wahani wamepanga mlima wao kwa tabaka nne: juu kabisa msitu, chini yake kijiji, chini ya kijiji majaruba, na mwisho mto. Msitu hunasa ukungu na mvua, maji huchuruzika kwenye mifereji, hupita kijijini, kisha huingia jaruba la juu na kufurika hadi la chini yake, na kuendelea hivyo hadi bondeni. Kodi gari likupeleke juu, kisha ushuke kwa miguu ukiufuata mfereji mmoja. Ni rahisi kwa magoti kuliko kupanda, na utayapita makazi ya ndege kwa mpangilio ule ule ambao maji huyapita.

Pembeni mwa msitu, kama ule wa Guanyinshan, kaa kwenye njia zilizo wazi kwa umma na usubiri kundi likufikie. Ndege wadogo wa huko hutembea kwa makundi ya mchanganyiko, dakika ishirini hakuna kitu na ghafla vichaka vimejaa. Leiothrix mwenye mdomo mwekundu na koo la njano huwa chini kwenye vichaka, na tomtit mdogo mwenye koo jeusi hupita juu yake kwa kundi lisilotulia. Katika misitu ya Ailao anaishi pia kuku wa porini ambaye wataalamu humwita Lophura nycthemera, dume lake likiwa na mgongo mweupe wenye mistari myembamba myeusi, tumbo jeusi, uso mwekundu na miguu myekundu. Hutembea kimya juu ya majani makavu, na kwa kawaida masikio ndiyo humwona kwanza.

Ukiingia kwenye mfereji, tazama mawe. Ndege mdogo wa rangi ya buluu ya moshi, mwenye mkia wa kutu anaoufungua na kuufunga bila kukoma, ni Phoenicurus fuliginosus. Jike lake ni la kijivu na lina weupe chini ya mkia. Mwenzake mkubwa kidogo ni mweusi mwenye tumbo jekundu na kofia nyeupe safi. Kiluwiluwi wa kijivu, mwenye tumbo la njano, huwatangulia wote wawili. Na ukisikia filimbi ndefu yenye nguvu kuliko kelele za maji, mtafute ndege mkubwa wa buluu iliyokoza anayeonekana mweusi hadi jua limpige.

Mahali fulani kwenye mfereji huo utakuta gogo au jiwe lililolazwa kukata maji, likiwa limechongwa mapengo ya upana tofauti. Usilipite haraka. Kila pengo ni haki ya maji ya kundi fulani la majaruba, na upana wake umekubaliwa na wenye mashamba. Kijiji humchagua mtu wa kulinda mfereji na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeongeza pengo lake usiku. Kwa mtazamaji ndege, gogo hilo ni kama kibao cha njia, kwa kuwa linakuonyesha maji mengi yanakwenda upande gani, na upande huo ndiko ndege watakuwa wengi.

Kijijini, kama Azheke penye nyumba za paa la nyasi zenye umbo la uyoga, angalia juu ya mapaa na kwenye bustani za mboga. Jurawa wa huko ana alama nyeusi shavuni. Shore wa kifua cha kahawia hupiga kelele kwenye miti ya matunda, pamoja na binamu yake wa kijani mwenye kishungi na mdomo mnene wa njano, na ndege mweusi na mweupe aitwaye Copsychus saularis huimba kwenye ncha ya paa asubuhi kama mwenye nyumba.

Hatua ya sita: Kaa chini ukingoni

Hapa ndipo napenda msomaji atumie muda mwingi kuliko pengine pote. Chagua ukingo mpana ulio juu ya majaruba matano au sita yenye maji, keti, na usiondoke kwa saa nzima. Mtu anayetembea kwenye kingo anawafukuza ndege ngazi baada ya ngazi, kwa sababu kila anapojitokeza juu ya ukingo anawatokea kwa ghafla walio chini.

Anza na yangeyange. Mdogo, mwenye mdomo mweusi na miguu myeusi, ni yule yule tunayemwona kwenye mabwawa ya Afrika Mashariki. Mfuate kwa darubini anapowinda kwenye maji ya kifundo cha mguu: husimama kwa mguu mmoja, huupeleka mwingine mbele na kuutetemesha juu ya tope, na vidole vyake vya njano, ambavyo hukuviona wakati amesimama, vinang'aa chini ya maji kama vitu vyenye uhai. Samaki wa tope anashtuka, anasogea, na shingo inaruka. Hurudia hivyo kila hatua mbili tatu hadi amelimaliza jaruba zima.

Yangeyange wa ng'ombe ni mfupi wa shingo na ana mdomo wa njano. Wa Asia Mashariki hutofautiana kidogo na wa kwetu, na tofauti hiyo huonekana Machi na Aprili, ambapo rangi ya dhahabu iliyoiva humfunika kichwa, shingo na kifua chote, wakati wa kwetu hupata madoa tu ya rangi hiyo utosini, kifuani na mgongoni. Mtafute nyuma ya nyati-maji anayekokota plau, au nyuma ya mashine ndogo ya kulimia tope. Aliyewahi kuona majaruba ya Mwea au ya Mbarali yakilimwa anaijua picha hiyo: mkulima mbele, na nyuma yake msafara mweupe ukipokea kila kinachofukuliwa. Kila asubuhi, kabla ya kuchagua pa kukaa, ulizia au usikilize ni wapi kunalimwa.

Halafu yuko Ardeola bacchus, koikoi mdogo wa majaruba, na kwa maoni yangu ndiye ndege anayestahili safari hii. Wakati wa baridi ana michirizi ya kahawia shingoni na mgongo wa rangi ya tope. Siku yangu ya kwanza Duoyishu nililikagua jaruba moja tupu kwa muda mrefu, nikaridhika kwamba halina ndege, nikainuka. Bonge la udongo lililokuwa ukingoni, hatua kumi kutoka magotini kwangu, likafungua mabawa meupe kabisa na kuondoka. Tangu siku hiyo huwa naukagua ukingo kabla ya maji, kipande kwa kipande, nikitafuta jicho la njano. Kufikia Aprili hahitaji kutafutwa hivyo: kichwa na shingo vinakuwa vya rangi ya damu ya mzee iliyokauka, mgongo mweusi wenye moshi, na mabawa yale yale meupe.

Kwenye tope lisilo na maji mengi, tafuta ndege wadogo wa ufukweni. Tringa ochropus ana mgongo mweusi-kijani na weupe wa mkiani unaowaka anaporuka akilia; Tringa glareola ana madoadoa mengi mgongoni na miguu ya njano hafifu. Hao wawili, pamoja na mwenzao Actitis hypoleucos, anayetikisa mkia bila kupumzika, huja pia Kenya na Tanzania wakati wa baridi ya kaskazini, na mtu anayewajua kutoka kwenye mabwawa ya nyumbani atakuwa na faida kubwa. Sululu hukaa ndani ya mabua na haonekani hadi umkaribie mno. Kukuziwa mwenye uso na kifua cheupe hutokea pembezoni asubuhi na jioni, hatua mbili, anasimama, hatua mbili. Kiluwiluwi mweupe mkague vizuri, kwa maana wa aina mbalimbali hukutana hapa: mmoja ana uso mweupe na doa jeusi kifuani, mwingine ana koo na shingo nyeusi hadi mgongoni. Mabata unayoyaona yakielea kwa kundi, karibu yote ni ya kufugwa, kwa kuwa Wahani hufuga bata na samaki ndani ya majaruba hayo hayo.

Usisahau kuinua macho. Mwewe mdogo wa kijivu mwenye mabega meusi, Elanus caeruleus, husimama angani juu ya ngazi akipiga mabawa, na ni jamaa yule yule wa nyanda zetu.

Hatua ya saba: Linda ukingo, na omba ruhusa

Ukingo wa jaruba ni njia ya mkulima na pia ni ukuta wa bwawa lake. Pita palipokwisha kukanyagwa, usiruke kutoka ngazi moja hadi nyingine, wala usichome miguu ya kamera kwenye udongo laini. Wakulima wa Yuanyang wana sababu ya kuwa wakali katika hili, kwa kuwa kamba wekundu wa maji baridi walioletwa kutoka nje, wa aina ile ile iliyoingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wamekuwa wakitoboa kingo zao na kuvujisha maji. Anayebomoa kipande cha ukingo kwa buti anaongeza kazi juu ya kazi hiyo.

Kila kijiji cha Wahani kina kichaka chake cha miti ya kale kinachoheshimiwa kidini, kwa kawaida juu ya nyumba. Kwa macho ya mtazamaji ndege ni mahali panapovutia mno, na kwa sababu hiyo hiyo inabidi nikueleze waziwazi: usiingie bila kuruhusiwa, hata kama lango liko wazi na hakuna mtu. Tazama kutoka nje.

Mwite mama wa makamo "ayi" na mzee "dashu", sema "guan niao", yaani kutazama ndege, huku ukionyesha darubini, kisha uliza "keyi ma?", inaruhusiwa? Wazee wengine huzungumza Kihani tu, na hapo ishara ya mkono na tabasamu vitatosha. Mpe mtu darubini atazame shamba lake mwenyewe. Mara nyingi atakuonyesha ndege alipolala jana. Usiwachezee ndege sauti zao kwa simu ili wajitokeze, hasa kuanzia Machi, wakati madume yanagombania mipaka. Kijijini unaweza kumwona hwamei, ndege mwenye nyusi nyeupe na sauti nzuri, akiwa ndani ya tundu. Tangu mwaka 2021 yumo katika daraja la pili la wanyama wanaolindwa na serikali ya China. Usimnunue, usimpige picha ya kumsifia mwenye tundu, na wala usiingie kwenye ugomvi. Mweleze tu mwenyeji wako kwamba ulikuja kumsikiliza akiwa msituni.

Hatua ya nane: Andika siku hiyo hiyo

Jioni andika tarehe, saa ya Beijing, kijiji, na hali ya jaruba ulikomwona kila ndege: lenye maji, lenye tope, lililolimwa, au lililokauka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Majaruba yanayoachwa makavu au kupandwa mazao mengine hayavuti ndege wale wale, na orodha inayotenganisha hali hizo ina manufaa kwa mtu atakayekuja baada yako.

Hatua ya tisa, kwa mwenye siku nne zaidi: Nenda Yangxian

Ukitaka kuona maji ya jaruba yanavyoweza kumwokoa ndege, ruka hadi Xi'an, mkoa wa Shaanxi, kisha panda treni ya mwendo kasi inayokwenda Chengdu na ushuke Yangxian Magharibi. Huko ndiko anakoishi kwarara mwenye kishungi, Nipponia nippon, aitwaye zhuhuan kwa Kichina. Ilidhaniwa ametoweka nchini China hadi Mei 1981, wakati mtafiti Liu Yinzeng, baada ya kutafuta kwa miaka mitatu, alipowakuta saba katika milima ya wilaya hiyo, wakubwa wanne na makinda matatu. Ndege hao walikuwa wakila kwenye majaruba yaliyoachwa na maji wakati wa baridi. Wakulima walizuiwa kutumia dawa za sumu mashambani, miti ya viota ikalindwa, na idadi yao leo imepita 7,000.

Kabla ya kufika ujue kwamba utaona rangi mbili. Nje ya msimu wa uzazi ni mweupe mwenye wekundu wa waridi chini ya mabawa. Msimu wa uzazi unapokaribia hutoa rangi nyeusi kwenye ngozi ya shingo na kujipaka mwenyewe, hadi kichwa na mgongo vinakuwa vya kijivu. Mchana mtafute kwenye majaruba yaliyo kando ya vijiji, ukikaa ndani ya gari au nyuma ya ukuta, na usimkaribie aliye kiotini. Katika vuli na mwanzo wa baridi, wakati hawazai, muulize mwenyeji wako ni miti ipi wanalala, fika saa moja kabla ya jua kuzama, na usimame mbali upande ambao mwanga uko nyuma yako. Watakuja wawili wawili kutoka mashambani, na wanapogeuka kutua ndipo ile rangi ya waridi inapoonekana.